Filamu za 'mkanda uliookotwa': hadithi iliyokataa kusema paukwa

Majuzi alinijia binti mmoja niliyemfundisha fasihi simulizi miaka kadhaa iliyopita. Hakuja kuomba barua ya kumpendekezea kazi, kama wanavyokuja wengi. Alikuja na mswada wa kurasa 18, simu yenye kamera nzuri kuliko kamera zote nilizowahi kumiliki, na habari ya akiba ya shilingi 60,000 aliyoidunduliza kwa kufunza watoto wa watu masomo ya ziada majumbani kwao. Alitaka kutengeneza filamu ya kutisha.

"Mwalimu, niambie ukweli," alisema. "Nizitie hizi pesa au niache?"

Hadithi yenyewe ni hii. Wasichana wanne wa shule ya bweni wameingiza simu shuleni kwa siri. Usiku, taa zikishazimwa, wanasikia vishindo vya kwato kwenye ujia wa bweni. Wanaamua kujirekodi wakimsaka mwenye kwato hizo. Simu inakuja kuokotwa wiki kadhaa baadaye nyuma ya jiko la shule, nao wasichana hawajulikani waliko. Tunachokitazama sisi ni kile kilichomo kwenye simu.

Aliyesoma shule ya bweni nchini hahitaji kuelezwa zaidi. Na aliyekulia Mombasa, Lamu au Malindi alishasikia tangu utotoni habari za mwanamke mrembo anayeomba lifti usiku, na abiria mwenzake akitupa jicho chini anaona kwato mahali pa miguu.

Nakiri kwamba jibu lililonijia mdomoni lilikuwa la dharau. Kwa muda mrefu nimeziona filamu za aina hii kuwa kazi za watu wasioweza kushika kamera ikatulia. Picha inarukaruka kana kwamba kamera imefungwa mkiani mwa mbuzi, watu wanapiga mayowe gizani, kisha mambo yanakatika ghafla na unabaki kujiuliza umetazama nini. Lakini akiba ya mtu si jambo la kujibiwa kwa dharau. Nilimwomba wiki mbili. Nikarudi kuzitazama upya filamu kadhaa za aina hiyo, nikiwa na kalamu mkononi. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na nadhani yanaweza kumfaa mwingine pia.

Nianze na jina, maana safu hii ni ya lugha. Waingereza na Wamarekani wana jina lao la filamu hizi. Sisi hatujaafikiana. Nimeona mahali zikiitwa filamu za "picha zilizopatikana". Sikubaliani na jina hilo. Kupata na kuokota si kitu kimoja. Kilichopatikana huenda kilikuwa kikitafutwa, au mtu alipewa, au alikinunua. Kilichookotwa kilikuwa chini, mwenyewe hayupo, na aliyekiinua hajui ni cha nani wala kimefikaje pale. Kutokuwepo kwa mwenye mali ndiko kunakotisha katika filamu hizi. Kwa hiyo napendekeza "filamu za mkanda uliookotwa". Najua simu ya binti yule haina mkanda wowote ndani yake. Lakini tunakata simu kila siku ingawa hakuna uzi tunaoukata. Lugha ina ruhusa ya kukumbuka vyombo vya zamani.

Jina hilo lina faida nyingine. Waswahili husema mtu ameokota dodo chini ya mwarobaini pale anapopata asichokitarajia mahali pasipotarajiwa. Watengenezaji wa filamu hizi ni waokota dodo hasa. Filamu iliyozipatia umaarufu duniani, The Blair Witch Project, iliongozwa na vijana wawili wa Marekani, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Waliipiga picha katika misitu ya jimbo la Maryland mnamo 1997, kwa siku nane tu. Gharama ya kazi hiyo ya msituni kwa kawaida hutajwa kuwa kati ya dola 35,000 na 60,000. Ilipoingia kumbi za sinema mwaka wa 1999 ilivuna karibu dola milioni 248 duniani. Miaka michache baadaye Oren Peli alipiga Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego kwa takriban dola 15,000. Nayo ilivuna zaidi ya dola milioni 190. Si ajabu kwamba kila kijana mwenye kamera ameutazama mwarobaini wa kwao akijiuliza kama hauna dodo.

Hata hivyo, mbinu yenyewe si ngeni, na mwanafunzi wa fasihi hapaswi kudanganywa kwamba ilizaliwa na kamera. Bram Stoker alipoandika Dracula mwaka wa 1897 hakuweka msimulizi mmoja anayejua yote. Aliunga barua, shajara, vipande vya magazeti na kumbukumbu zilizorekodiwa kwa santuri, akamwachia msomaji kazi ya kuviunganisha. Mariama Bâ wa Senegal alitumia barua moja ndefu ya mjane katika riwaya yake ya mwaka wa 1979. Tunapowafundisha wanafunzi wetu mbinu ya barua na shajara, tunawafundisha jambo lile lile: kumfanya msomaji ahisi kuwa anasoma kitu ambacho hakikuandikiwa yeye. Filamu ya mkanda uliookotwa ni shajara yenye sauti na picha.

Sasa nizitaje nguvu zake, kwa kuwa ninazo tatu ambazo sikuziona zamani kwa sababu ya kiburi.

Ya kwanza ni kwamba katika filamu hizi umaskini hauhitaji kufichwa. Filamu ya kawaida ya bajeti finyu hujisaliti yenyewe. Unaona jumba la tajiri ambalo kwa hakika ni sebule ya shangazi ya mwongozaji, unasikia upepo kwenye kipaza sauti, taa inamulika pua ya mwigizaji na kuacha macho gizani. Filamu zetu za River Road, ambazo zimezoeleka kwa jina la Riverwood, zimesimulia mengi ya maana kwa kidogo walicho nacho watengenezaji wake, lakini mara nyingi mtazamaji hulazimika kuyasamehe hayo ili aifuate hadithi. Katika filamu ya mkanda uliookotwa hakuna cha kusamehe. Taa mbovu ni taa ya tochi, na tochi ndiyo aliyonayo mhusika. Upepo kwenye kipaza sauti ni upepo wa msituni. Mwigizaji asiyejulikana ni bora kuliko nyota, maana nyota tunajua alilala salama nyumbani kwake. Kile ambacho kwingine kingekuwa kasoro, hapa ni ushahidi.

Mfano mzuri ni Host, iliyoongozwa na Rob Savage huko Uingereza mwaka wa 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona. Marafiki wanakutana kwenye mkutano wa video ili kuita mizimu kwa mzaha. Filamu yote tunaitazama kwenye skrini ya mkutano huo. Waigizaji walikuwa kila mmoja nyumbani kwake, wakijipangia kamera na taa wenyewe. Haifiki hata saa moja. Lakini kwa sisi tuliofundisha kwa njia hiyo miezi mingi, tukitazama vijisanduku vya nyuso na kuuliza "mnanisikia?", inaumiza. Tulijua upweke ule. Mizimu ilikuja kuongezea tu.

Nguvu ya pili ni kutoonyesha. Katika The Blair Witch Project mchawi haonekani, tangu mwanzo hadi mwisho. Naomba nikae kidogo kwenye filamu hii kwa sababu ina funzo kwa mwandishi yeyote. Inaanza na wanafunzi watatu wa filamu, Heather, Josh na Mike, wanaofika mji mdogo wa Burkittsville kuwahoji wakazi kuhusu mchawi wa kale. Kwetu tungeiita kazi ya nyanjani. Mimi mwenyewe nimewahi kutembea vijiji vya pwani na kinasa sauti begani, nikiwaomba wazee na nyanya wanisimulie, na nilipoitazama sehemu hiyo niliijua: mmoja anasema hivi, mwingine anampinga, mtoto anamziba mama mdomo. Katika mahojiano hayo, mkazi mmoja anasimulia habari za muuaji wa watoto aliyewachukua wawili wawili. Alimsimamisha mmoja kwenye kona, uso ukutani, huku akimuua mwenziwe. Mtazamaji anasikia, filamu inaendelea, anasahau.

Zaidi ya saa moja baadaye, Heather anashuka mbio kwenye orofa ya chini ya nyumba iliyohamwa. Anachokiona ni Mike amesimama kwenye kona, uso ukutani, hatingishiki. Kamera inaanguka. Basi, mwisho.

Hakuna damu, meno wala kinyago cha mpira. Kuna mwanamume aliyesimama tu. Lakini aliyesikiliza vizuri mwanzoni nywele zinamsimama, naye asiyesikiliza anauliza, "Imeisha?" Hii ndiyo sababu watazamaji wa filamu ile waligawanyika vibaya sana, wengine wakiiona kubwa na wengine wakidai warudishiwe pesa. Inamdai mtazamaji awe msikilizaji, kama hadithi za kando ya moto. Taharuki yake haikupandwa kwenye picha. Ilipandwa kwenye neno lililosemwa na mtu asiyetajwa hata jina lake tukalikumbuka.

Nguvu ya tatu ni lugha. Waigizaji watatu wa filamu ile hawakupewa mazungumzo ya kukariri. Walipewa muhtasari na, kila siku, vikaratasi vyenye maagizo, kila mmoja chake, bila kuonyeshana. Chakula chao kilipunguzwa kadiri siku zilivyosonga. Waongozaji waliwatisha usiku wakiwa hemani. Maneno waliyosema yalitokana na ufaraguzi. Ndiyo maana wanakatizana, wanarudia, wanaacha sentensi njiani, wanagombana kwa ajili ya ramani hadi mmoja anakiri kwamba ameitupa mtoni kwa teke. Ugomvi ule wa ramani unanitisha kuliko mchawi. Ni hofu iliyokosa pa kwenda ikamgeukia rafiki.

Hapa ndipo nilipoufungua tena mswada wa binti yangu na kuhuzunika. Msichana wake mmoja, akikimbizwa na mwenye kwato gizani, anasema: "Laiti ningalijua, nisingalithubutu kulifuata jini hili! Hakika majuto ni mjukuu, huja baadaye!"

Jamani. Huyo si msichana anayekimbia. Huyo ni mtahiniwa anayewinda alama za insha. Ni sisi walimu tuliomfunza kwamba Kiswahili kizuri ni kile kilichovikwa methali kama bi harusi aliyevikwa dhahabu, na amekwenda nacho hadi mbele ya jini. Mtu mwenye hofu haungi sentensi. Anaita jina. Anasema "ngoja, ngoja, ngoja". Anaanza kwa Kiswahili, anaruka kwenye Sheng, kisha mambo yakizidi anamwita mama yake kwa lugha ya kwao, hata kama hajaisema tangu Krismasi. Wasichana wanne wa bweni moja la shule ya kitaifa wana angalau lugha sita baina yao. Kila mmoja anaogopa kwa lugha yake. Hilo hakuna Mmarekani atakayeweza kumpa binti huyu, na halimgharimu hata senti.

Nimesifu vya kutosha. Nije kwenye kasoro, nazo ni nyingi.

Kasoro ya kwanza kila mtazamaji anaijua, hata asiyewahi kusoma uhakiki: kwa nini mtu huyu haitupi kamera akakimbia? Filamu ya aina hii isipokuwa na jibu la swali hili imekufa. REC ya Uhispania, iliyoongozwa na Jaume Balagueró na Paco Plaza mwaka wa 2007, inalo jibu. Mhusika mkuu ni mwanahabari wa televisheni aliyekwenda kurekodi usiku wa kazi wa wazimamoto. Wanajikuta wamefungiwa na wakuu wa serikali ndani ya jengo lenye ugonjwa wa ajabu. Kurekodi ni kazi yake, na baadaye ni haki yake, maana walio nje wanaficha yanayotokea ndani. Karibu na mwisho wake taa ya kamera ndiyo mwanga pekee uliobaki. Kamera haitupiki, kwa kuwa anayeitupa anakuwa kipofu. Paranormal Activity nayo ilijibu kwa werevu: kamera imewekwa kwenye stendi chumbani, watu wamelala, inajirekodia. Nasi tunakodolea macho mlango usiofanya lolote, tukiogopa kwamba utafanya. Lakini kwa kila REC moja kuna makumi ya filamu ambazo mhusika anashikilia kamera kwa sababu mwongozaji anataka aishikilie.

Kasoro ya pili ni ya msimulizi. Waliorekodi wamekufa au wamepotea. Sawa. Sasa ni nani aliyezipanga picha hizi? Ni nani aliyekata sehemu walipokuwa wakinywa chai, akaacha sehemu walipokuwa wakilia? Ni nani, Mungu wangu, aliyetia muziki? Tunawafundisha wanafunzi kuuliza nani anasimulia na amejuaje. Filamu nyingi za aina hii zinataka tusiulize. Iliyokubali kuulizwa, kwa maoni yangu, ni Lake Mungo ya Joel Anderson wa Australia, ya mwaka wa 2008. Imejengwa kama makala ya televisheni kuhusu familia iliyofiwa na binti yao Alice aliyezama majini. Picha za mzuka wa Alice zinaonekana, tunashtuka, kisha tunaambiwa kwamba kaka yake ndiye aliyezibuni baadhi yake. Kumbe hofu ya filamu haikuwa kwenye mzuka bali kwenye familia isiyoweza kukubali msiba. Na tunapodhani tumeshajua yote, inafukuliwa simu ambayo Alice mwenyewe aliizika mchangani, na ndani yake mna video. Sitasema inaonyesha nini. Nitasema tu kwamba ni picha mbovu ya simu mbovu, na kwamba nililala taa ikiwaka.

Kasoro ya tatu ni wahusika. Kamera ikiwa mkononi mwa mhusika, yeye mwenyewe hatumuoni. Tunamsikia akihema. Waandishi wavivu hulichukulia hili kuwa ruhusa ya kutoumba mtu. Matokeo yake ni kundi la vijana wanaofanana kwa kila kitu, wanaotaniana dakika 40 za mwanzo bila kusema lolote la maana, kisha wanaanza kufa mmoja mmoja, na hatumlilii hata mmoja. Wengi huuita mwendo huo "kujenga taharuki". Hapana. Taharuki ni kungoja jambo unalolijali. Kungoja tu ni foleni ya benki.

Kasoro ya nne si ya filamu zenyewe bali ya hadithi inayosimuliwa juu yake: kwamba ni rahisi. Binti alinitajia zile dola 15,000 za Peli kana kwamba ni ahadi. Nilimkumbusha kwamba filamu hiyo ilianza kuonyeshwa kwenye tamasha mwaka wa 2007, lakini umma wa Marekani ulikuja kuiona sinemani mwaka wa 2009, baada ya kampuni kubwa kuichukua, kuibadilisha mwisho na kuipigia debe. Ile ya Blair nayo, baada ya kununuliwa, iliongezewa fedha za kurekebisha sauti na picha, na matangazo yake yakagharimu mamilioni ya dola. Dodo liliokotwa chini ya mwarobaini, ndiyo, lakini lilibebwa sokoni na lori la mtu mwingine. Na ambao hawakuokota kitu hatuwasikii. Hakuna anayeandika makala juu ya akiba iliyopotea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalia kooni wiki hizi mbili.

Mtambaji wa hadithi kwetu huanza kwa kusema paukwa. Hadhira ikijibu pakawa, mkataba umetiwa saini. Kila aliyepo anajua kuwa kuanzia hapo fisi ataongea na maiti atatembea, na kwamba hadithi ikiisha fisi atarudi kuwa fisi. Paukwa ni ua linalotenga uwanja wa hadithi na uwanja wa maisha. Filamu ya mkanda uliookotwa ni hadithi iliyokataa kusema paukwa. Inaanza kwa maandishi yanayosema kwamba haya yalitokea, watu hawa walipotea, picha hizi zilipatikana. Nguvu yake inatoka huko. Hatari yake pia.

Mwitaliano Ruggero Deodato alipotoa Cannibal Holocaust mwaka wa 1980, filamu ya watu waliouawa msituni na mikanda yao kuokotwa, vyombo vya sheria vya nchi yake viliamini huenda waigizaji wameuawa kweli, ikambidi aonyeshe kwamba wako hai. Wanyama waliouawa mbele ya kamera, lakini, waliuawa kweli, na sioni sanaa yoyote inayolipia hilo. Waliotangaza filamu ya Blair walitumia tovuti iliyowataja vijana wale kama watu waliopotea. Na kwa kuwa wahusika walipewa majina halisi ya waigizaji, uongo ule uliwafuata hadi nyumbani. Inasimuliwa kwamba mama yake Heather Donahue alitumiwa kadi za rambirambi, bintiye akiwa hai. Filamu ikavuna mamilioni, na mnamo 2024 waigizaji hao watatu bado walikuwa wakitoa barua ya wazi kudai malipo ya haki kwa kazi yao na kwa matumizi ya majina na sura zao. Heather alishabadili jina kisheria.

Hebu lifikirie hilo, msomaji. Mtu alilazimika kuacha jina lake alilopewa na wazazi kwa sababu hadithi ililichukua isimrudishie. Hicho ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyovikuta, na hakimo ndani ya filamu.

Nasi leo tunaishi katikati ya mikanda iliyookotwa. Kila asubuhi makundi ya WhatsApp ya familia hutuletea video isiyo na mwenyewe: mtu anapigwa mahali fulani, kitu kinaonekana msituni, mgonjwa anasema jambo. Hakuna aliyesema paukwa. Picha inatikisika, sauti inakwaruza, na kwa sababu ya ubovu huo tunaamini. Filamu hizi zimetufunza, bila kukusudia, kwamba ubovu wa picha ni alama ya ukweli. Waongo nao wamejifunza somo hilo. Kwa hiyo anayetengeneza filamu ya aina hii nchini mwetu, kuhusu shule, kuhusu watoto waliopotea, hachezi na hofu tu. Anacheza na wazazi. Nchi hii imezika watoto waliofia mabwenini kwenye moto. Mzazi aliyeletewa video ya bweni usiku bila neno la kumwambia kwamba ni hadithi hatauliza kuhusu kwato. Ataanza kupiga simu shuleni.

Binti alirudi juma lililopita. Nikamwambia: pesa zako zitie. Hadithi unayo, na jibu la kwa nini simu haitupwi unalo pia, kwa sababu simu hiyo ni haramu shuleni na atakayeiacha nyuma atafukuzwa. Hilo ni wazo zuri, likaze zaidi. Usinunue kamera nyingine. Tafuta kipaza sauti kizuri na mtu anayejua kukitumia, kwa kuwa jini lako litaishi masikioni. Wachukue waigizaji waliokwisha kutimiza umri wa utu uzima. Waandikie mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaosema watalipwa nini sasa na watalipwa nini dodo likianguka. Usitumie majina yao. Futa laiti zote. Na mahali fulani, mwanzoni au mwishoni, useme paukwa.

Hilo la mwisho alilipinga. "Lakini Mwalimu, nikisema ni hadithi, nani ataogopa?"

Nikamwambia habari za nyanya yangu. Kila jioni alianza kwa paukwa, sauti ya juu, bila kuficha. Sote tulijibu pakawa. Sote tulijua kuwa zimwi ni la hadithi. Na sote, hadithi ilipokwisha, tulikaa tumebanana mkekani tukijibana mkojo, kwa kuwa choo kilikuwa nje, nyuma ya mwembe, na hapakuwa na aliyekubali kwenda wa kwanza.

Alicheka, akachukua mswada wake. Mlangoni akageuka akauliza kama ninaweza kumpa ile habari ya mwembe aitie kwenye filamu. Nikamwambia achukue, ila aitaje kuwa ameipata kwangu, asiseme ameiokota.